Je, wajua kwa nini ndege ndogo ya Cessna haifungwi betri ya gari hata kama volti ni zilezile?

Mfungulie fundi wa magari kava la injini ya Cessna 172 ya miaka ya 60 atacheka, maana ataona betri ya volti 12, ya risasi na asidi, kama ya Corolla tu, halafu umwambie bei yake hapo ndo atadhani umepigwa. Hujapigwa.

Wengi tunajua betri kazi yake ni kupiga stata. Kwenye ndege ndogo hiyo ndo kazi yake rahisi. Plagi za injini hizi zinapata moto kutoka kwa magneto mbili, yaani vijenereta vidogo vinavyozungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo umeme wa ndege ukikatika wote angani injini wala haina habari, inaendelea kunguruma. Kinachozima ni redio, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), taa, na kwenye Cessna nyingi hata flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Sasa vuta picha ni usiku, uko ndani ya mawingu na alterneta imekata, hapo umeme wote uliobaki ni ule ulioko ndani ya kile kiboksi, na unahitaji ukufikishe chini.

Ndo maana betri inaweza kukuwashia injini freshi kila asubuhi na bado ikawa imefeli. Stata inakula umeme mwingi lakini kwa sekunde chache. Fundi wa ndege yeye anaichaji ijae, anaiwekea mzigo na anaangalia saa mpaka iishe, umeme ilioutoa ukiwa chini ya asilimia 80 ya ule inaotakiwa kubeba anakwambia tafuta nyingine, hata ubishe vipi.

Ya gari haiingii kwanza kwa sababu ya karatasi. Marekani, ambako hizi Cessna zinatoka, mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, inataka betri iwe imeidhinishwa kwa modeli ya ndege yako (wenye ndege za kujiundia nyumbani wako huru zaidi). Halafu asidi ikimwagika kwenye aluminiamu inaitafuna, sasa ndege inalala upande, inarushwarushwa na upepo, kwa hiyo betri ya maji ya ndege vizibo vyake vina kauzito ndani kanachoziba tundu ikiinama. Ya gari haina hiyo.

Kwenye kununua, kitu cha kwanza soma volti, maana 172 kuanzia modeli za 1978 zilihamia betri ya volti 24. Baada ya hapo ni ya maji au kavu. Mimi ningechukua kavu bila kujiuliza sana, asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, haimwagiki, huongezi maji.

Halafu kuna lithiamu na hapa ndo utamu ulipo. Betri ya risasi ya volti 12 ina kilo 13 mpaka 15, ya lithiamu inayowasha injini ileile ina kilo 2 na kidogo! Watu wanaogopa wakikumbuka Boeing 787 zilivyozuiwa kuruka Januari 2013 baada ya betri kuungua, ila zile zilikuwa lithiamu za kobalti, hizi za ndege ndogo ni lithiamu za chuma na fosfeti ambazo haziwaki moto kirahisi hivyo. Wasiwasi wangu uko kwingine. Nguvu ya kuwasha ni sawa lakini akiba yake inaweza kuwa nusu tu ya ile ya risasi, yaani umenunua wepesi kwa kuuza dakika zako za dharura.

Na wepesi wenyewe unategemea umetoka wapi. Cessna 182 betri yake iko nyuma kabisa, kwenye mkia, na ile ndege pua yake ni nzito tangu kiwandani. Ukitoa kilo 10 mkiani pua inazidi kuzama, unatua unavuta usukani kwa nguvu, ukizembea gurudumu la mbele linapiga chini na ukuta wa nyuma ya injini unapinda, na hiyo bili usiombe.

Huko Marekani rubani mwenye ndege yake anaruhusiwa kubadilisha betri mwenyewe kama anarudisha ya aina iliyoidhinishwa, mradi aandike kwenye kitabu cha ndege na kusaini. Uzito ukibadilika, hesabu za mizani, yaani uzito wa ndege na unalalia wapi, lazima zipigwe upya.