Mashabiki Hawafi Langoni kwa Kukosa Adabu

Juzi nimeisoma tena, chini ya video ya watu wakisukumana nje ya uwanja: "Wakenya hatuna ustaarabu, ndiyo maana CAF [Shirikisho la Soka Afrika] walitupunguzia viti." Kauli hii nimeisikia kwenye matatu, redioni, hata kwenye vikao vya maandalizi kutoka kwa watu wenye uwezo wa kuamua. Kazi yangu ni kusimamia umati viwanjani. AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, na tukiipokea kwa imani hiyo tutazika watu.

Habari ya viti ni kweli. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, baada ya vurugu za kuingia Kasarani siku Harambee Stars walipoifunga Morocco, CAF iliamuru mechi na Zambia iwe na mashabiki 27,000 tu, kwenye uwanja wa takriban 48,000. Waliovamia mageti walikuwepo, na siwatetei. Ila watu wanaokufa kwenye mageti kwa kawaida si hao.

Tuanze na mwili. Aliyebanwa katikati ya umati mara nyingi hata hajaanguka. Anakufa amesimama: kifua kimekandamizwa mbele na nyuma, mbavu zinashindwa kupanuka, pumzi inakata. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba wanasogea polepole, ila bado kila mmoja anautawala mwili wake. Wakifika sita au saba, msukumo mdogo wa nyuma unasafiri mpaka mbele, na aliye mbele hawezi kurudi hata hatua moja. Aliye nyuma haoni chochote. Anasikia wimbo wa taifa umeanza ndani, anasogea nusu hatua. Nusu hatua hiyo, ikisogezwa na watu elfu moja, ndiyo inayoua, na hakuna hata mmoja wao aliyekosa adabu.

Kwa hiyo stewadi, mhudumu wa kuongoza umati uwanjani, anayejua kazi hawindi wakorofi. Anatazama mikono na vichwa. Watu wakianza kukunja mikono kifuani kujitafutia nafasi ya kupumua, vichwa vikayumba pamoja upande mmoja, wazazi wakapandisha watoto mabegani, muda wa kuhubiri umekwisha. Hapo unasimamisha mkia wa foleni. Narudia, mkia! Kumpiga rungu aliye mbele ni kumwadhibu mtu asiye na pa kurudi, na kurusha gesi ya machozi ni kuwakimbiza watu waliokosa hata nafasi ya kugeuka. Accra, Ghana, Mei 2001, polisi walirusha gesi kwenye majukwaa wakati mageti yamefungwa. Zaidi ya watu 120 walikufa.

Kisha kuna hesabu, ambayo hakuna anayetaka kuifanya. Mwongozo wa viwanja wa Uingereza unakadiria kuwa mlango mmoja wa kuzunguka hupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa. Tuseme una milango 30: hao ni watu 19,800. Wakija 24,000 katika saa ya mwisho, kwa sababu wametoka kazini na Thika Road imefunga, mpira unaanza watu 4,200 wakiwa nje, wote na tikiti zao halali. Na mimi hiyo 660 siiamini kwa mageti yetu. Tikiti iko kwenye simu, mtandao umelemewa, betri imeisha, mtu anapekua picha zake akitafuta ile aliyotumiwa na shemeji. Kasi ikishuka nusu, walio nje ni 14,100. Uwaite wahuni?

Mwaka 2022 Wakenya wengi walikuwa kazini Doha, Qatar, wakati wa Kombe la Dunia. Dunia ilimpenda Abubakr Abbas, kijana wetu aliyekaa kwenye kiti kirefu pale soko la Souq Waqif akirudia bila kuchoka njia ya kwenda metro, treni ya mjini. Wengi waliona burudani. Mimi niliona ufundi: anayejua aendako mapema hasimami kuuliza, na kila anayesimama ni bwawa dogo kwenye mkondo. Kule uwanja wa Lusail mashabiki walilalamika kuzungushwa kwenye vizuizi virefu kabla ya kufika kituoni. Walizungushwa makusudi. Anayetembea polepole habanwi kama aliyesimamishwa mlangoni.

Kuna jambo moja vitabu vinalipita haraka. Vinasema tikiti zikaguliwe mbali na uwanja, asiye nayo asifike getini. Sawa. Akishafika je? Yaoundé, Kameruni, Januari 2022, watu wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe, na rais wa CAF mwenyewe alisema lile geti lililokuwa limefungwa lilipaswa kuwa wazi. Uwanja wa Hillsborough, Uingereza, 1989, geti lilifunguliwa ili kupunguza msongamano wa nje, umati ukaingia moja kwa moja kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Waliopoteza maisha ni 97. Kwa miaka mingi lawama walibebeshwa mashabiki, mpaka baraza la wazee wa mahakama lilipowaondolea mwaka 2016. Kanuni moja ya kufungua au kufunga sijaiona, na namshuku anayedai anayo. Ninachotaka kujua kabla ya kugusa komeo ni nafasi iliyopo nyuma ya geti dakika hiyo hiyo, na mara nyingi redio ya mawasiliano hainijibu.

Kwa 2027, skrini kubwa ziwekwe katikati ya miji ili asiye na tikiti awe na pa kwenda. Vizuizi vya kwanza viwe mbali barabarani. Na kila kikao nauliza swali lile lile: nani ana mamlaka ya kuchelewesha mechi dakika 15, na stewadi wa geti anampataje? Hillsborough mpira ulianza saa tisa kamili, ukasimamishwa dakika sita baadaye. Nataka nipewe jina la mtu na namba yake, si jina la kamati.