Je, wajua kwa nini sanamu nyingi bora za shaba za Ugiriki ya kale zimetoka baharini?

Huko Olympia, palipofanyika michezo ya Olimpiki ya kale, kabla tu ya mlango wa uwanja wa mbio, kuna safu ya vikalio 16 vya mawe visivyo na kitu juu yake. Vilibeba sanamu za shaba za mungu Zeus, zilizolipiwa kwa faini za wanamichezo waliofanya udanganyifu. Sita za kwanza zilitokana na michezo ya mwaka 388 KK, pale mpiga ngumi Eupolos wa Thessalia alipowahonga wapinzani wake. Jina lake limebaki hadi leo. Sanamu hata moja haikubaki.

Ziliyeyushwa. Shaba waliyoitumia Wagiriki ilichanganywa na bati, na huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, joto ambalo mhunzi wa kale alilipata kwa mkaa na mivukuto. Mji ulipotekwa, hazina ilipokauka, au dini mpya ilipoziona sanamu kuwa chukizo, shaba ile ikawa sarafu, silaha na misumari. Kazi ya fundi mkubwa ilipimwa kwa uzito tu, kama sufuria bovu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Zilizosalimika ni zile ambazo hakuna aliyeweza kuzifikia, na bahari ilizificha vizuri kuliko mahali pengine popote. Warumi walipoitawala Ugiriki walisafirisha kazi zake za sanaa kwa meli, na baadhi ya meli zikazama. Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi walitia nanga karibu na kisiwa cha Antikythera. Elias Stadiatis alishuka zaidi ya mita 40, akapanda akitetemeka: alidhani ameona rundo la maiti za watu na farasi. Zilikuwa sanamu. Kuziopoa kuligharimu uhai wa mzamiaji mmoja na kuwaacha wengine wawili wamepooza, jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii wanapomtazama kijana wa shaba aliyeopolewa humo, katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia jijini Athens. Ndani ya meli hiyohiyo ndimo ulimotoka mtambo maarufu wa magurudumu yenye meno, uliokokotoa mienendo ya jua na mwezi.

Makumbusho hayohayo yana sanamu ninayoiona kuwa bora kuliko zote: mungu wa Artemision, mwenye urefu wa mita 2.09, aliyesubiwa yapata mwaka 460 KK na kuopolewa kaskazini mwa kisiwa cha Evia mwaka 1926 na 1928. Amenyoosha mikono, tayari kurusha. Alichoshika kimepotea, ndiyo maana wataalamu bado wanabishana: kama ni radi, huyo ni Zeus, kama ni mkuki wa ncha tatu, ni Poseidon, mungu wa bahari. Karibu naye yuko mtoto aliyepanda farasi anayekimbia, aliyetoka chini ya bahari ileile.

Nchi kavu nayo ilificha chache. Mwendesha gari la farasi wa Delphi, ambaye bado ana macho yake ya kupachikwa na kope za shaba, alifukiwa na tetemeko la mwaka 373 KK, wachimbaji Wafaransa wakamfukua mwaka 1896. Huko Piraeus, mwaka 1959, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa maji machafu walikuta sanamu za shaba za miungu: Apollo, Athena na Artemis wawili. Sasa wako katika makumbusho ya mji huo.

Sanamu nyingine nyingi mashuhuri tunazijua kwa nakala za marumaru peke yake. Ukifika Athens, mtafute Diadoumenos aliyetoka kisiwa cha Delos, kijana anayejifunga utepe wa ushindi kichwani. Kando ya mguu wake pana kisiki cha mti. Sanamu ya shaba, kwa kuwa ina uwazi ndani na shaba haivunjiki kwa urahisi, iliweza kusimama kwa miguu miwili tu. Marumaru ingevunjika vifundoni, hivyo mchongaji wa nakala akaongeza kisiki cha kuibeba.