Bodi hawali bure: neno "board" lilivyoniumbua

Miaka ile ndiyo kwanza naanza kazi ya ufasiri hapa Mtwara, katibu wa kikundi kimoja cha ubanguaji korosho aliniletea barua ya mnunuzi kutoka nje. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Penye bei paliandikwa "free on board Mtwara". Kijana niliyekuwa naye ofisini ndiye aliyeandaa rasimu, na hapo akaandika: "bure kwa Bodi, Mtwara". Nilikuwa na haraka. Nikapitisha macho, nikagonga muhuri.

Kwingine lingekuwa kosa la kuchekesha tu. Huku kwetu ukisema "Bodi" bila kuongeza neno, kila mtu anajua umeitaja Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako hapahapa mjini. Barua iliposomwa mkutanoni, bibi mmoja akasimama na kanga yake begani: "Kumbe sisi tunaungua mikono na utomvu, halafu Bodi wanakula bure?" Katibu alirudi kwangu jasho linamtoka. "Mwalimu, umeniweka pabaya."

Masikini Bodi haikuwemo kabisa kwenye barua ile. "Board" iliyotajwa pale ni meli.

FOB, kama wafanyabiashara wanavyoifupisha, ni sharti la mauzo: muuzaji anabeba gharama na hatari zote mpaka mzigo upakiwe melini kwenye bandari iliyotajwa, na kuanzia hapo ni juu ya mnunuzi. Sharti hilo limo kwenye kanuni za Incoterms, ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao Paris ilizitoa mara ya kwanza mwaka 1936. Hadi toleo la mwaka 2000, hatari ilihama pale mzigo unapovuka ukingo wa meli. Yaani boksi likining'inia kwenye winchi, upande huu wa ukingo ni lako, upande ule ni la mwenzako. Hebu waza kamba ikatike boksi likiwa juu ya ukingo wenyewe! Toleo la 2010 likaumaliza ubishi huo: mzigo uwe umeshawekwa ndani ya meli.

Huo ukingo ndio ufunguo wa neno lote. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili yenye sauti moja, "bord" na "bord". La kwanza lilikuwa ubao uliopasuliwa. La pili lilikuwa ukingo au ubavu, hasa ubavu wa chombo cha baharini. Na kwa kuwa ubavu wa chombo nao ni mbao, watu wakaacha kuyatenganisha. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini kupanda ndege na kulala shuleni vyote viitwe "boarding". Jibu ni hilo: wa uwanja wa ndege anavuka ukingo, wa shuleni yuko kwenye ubao.

Tumalizane kwanza na ukingo. Vyombo vya zamani vya Ulaya ya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavu wa kulia, hivyo ubavu huo ukaitwa wa kuongozea, na ndio "starboard" ya mabaharia hadi leo. Wa kushoto uliitwa "larboard". Sasa piga kelele maneno hayo mawili kwenye upepo wa kusi uone kama nahodha atayatofautisha. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaagiza kushoto kuitwe "port", basi. Ukingo huohuo uliingia pia katika Kifaransa, ukarudi Uingereza umevaa nguo nyingine: "border", mpaka wa nchi. Na mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria walinadi "boda, boda!" Kwa hiyo pikipiki inayokutoa stendi kukupeleka Mikindani ni ndugu wa mbali wa Bodi ya Korosho. Sisemi mengi zaidi kuhusu ukoo huo.

Ubao una hadithi tamu zaidi. Ubao ukiuweka juu ya miguu, umepata meza. Meza ikizoeleka, watu wanaita chakula kwa jina la meza, kwa hiyo "board" ikawa mlo anaopewa mpangaji au mgeni. Shule ya "boarding", kwa asili, ni shule inayokulisha. Kiswahili hakikuangalia sahani kikaangalia kitanda: tukasema shule ya bweni. Mwanafunzi aliyekula maharage miaka minne atakwambia Mwingereza ndiye aliyeona jambo.

Meza hiyohiyo ikiondolewa sahani na kuwekwa makaratasi, jina linawahamia waliokaa kuizunguka. Ndio "board" wa kampuni, wakurugenzi. Hata usemi wa "above board", yaani mambo ya wazi, ulitoka mezani: mcheza kamari aliyeweka mikono juu ya meza hakuweza kubadilisha karata kwa chini.

Kiswahili kilipolichukua neno hili kikafanya kilekile Kiingereza kilichofanya zamani: kikachanganya mawili. "Bodi" yetu ya pili haikutoka kwenye "board" hata kidogo. Imetoka kwenye "body", mwili, na ndiyo bodi ya gari. Sikiliza sentensi hii: "Bodi imeoza, bora ivunjwe." Hujui kama anayeongea ni waziri au fundi wa gereji.

Wala hatukuwa na shida ya kukopa. Pita Mikindani jioni, kwenye nyumba za zamani, uone wazee wamekaa kwenye baraza, ile ya kujengwa nje ya nyumba, wanacheza bao. Baraza ni pa kukalia, kisha ikawa waliokaa: Baraza la Madiwani, Baraza la Mawaziri. Safari ileile ya meza ya Mwingereza, ila sisi tulianzia kwenye kikao cha nje. Na bao nalo halikubaki ubaoni. Siku hizi linafungwa kwenye uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona kila timu ikicheza.

Kwa hiyo nikikutana na "board" sikimbilii "bodi". Jina rasmi la taasisi siligusi: Bodi ya Mikopo ni Bodi ya Mikopo. Shule ya sekondari ina bodi ya shule, ya msingi ina kamati, hata kama mwandishi wa Kiingereza ameziita zote "board". Madaktari wanaompima mfanyakazi afya ili astaafu, nawaita jopo. Nyongeza ya mshahara "across the board" haina bodi wala ubao: ni ya wafanyakazi wote, basi. Usemi wenyewe ulitoka kwenye kamari za farasi Marekani, na sioni sababu ya kumletea farasi mwalimu wa Tandahimba anayesubiri mshahara.

Barua ya katibu niliifasiri upya bila kumtoza. Niliandika: "bei ni ya mzigo uliokwisha pakiwa melini, bandari ya Mtwara, gharama zote kabla ya hapo ni za muuzaji." Aliisoma mkutanoni wiki iliyofuata. Bibi yuleyule akasimama tena.

"Kwa hiyo gari la kutoka hapa mpaka bandarini tunalipa sisi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mwandikie huyo mzungu bei haitoshi."