Je, wajua kituo cha pamoja cha mafundi hupimwaje?

Kamukunji, Nairobi, nyundo hazinyamazi. Bati linakunjwa, yanatoka masanduku ya wanafunzi, makarai na majiko. Nyundo kila fundi anayo. Mashine ya kukatia bati nene ndiyo isiyonunulika na mtu mmoja, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na kituo cha pamoja: mashine moja, mafundi wengi, kila mtu akilipia kazi yake.

Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi hao wakiunguzwa na jua, na serikali ikawajengea mabanda. Mwaka 2009, katika mpango wa kufufua uchumi wa Kenya, ikaamuliwa mabanda ya jua kali, yaani ya mafundi wadogo kama hao, yajengwe katika maeneo bunge yote, ambayo wakati huo yalikuwa 210. Ukihesabu mapaa, utaona mafanikio. Lakini baadhi ya mabanda hayo yalikaa miaka bila fundi hata mmoja ndani.

Kwa hiyo mimi ningeanza na daftari la mashine. Wiki hii imefanya kazi saa ngapi, na bati lilikuwa la nani? Majina yakiwa yale yale matano, basi hiyo ni karakana ya watu watano iliyojengwa kwa kodi ya wote. Kisha ningetoka nje niwatafute wasiokuja, maana wao ndio wenye habari kamili: ada ni kubwa, foleni ni ndefu, umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, haujavutwa, au banda liko mbali na wateja. Wapimaji wengi huwahoji waliomo ndani tu, na hilo ni kosa kubwa.

Kipato nacho kina mtego. Fundi anayetumia kituo akionekana ana hali nzuri kuliko jirani yake, huenda alikuja akiwa tayari na mtaji na oda. Lazima alinganishwe na aliyekuwa sawa naye kabla mashine haijaletwa. Tena aulizwe yule mwenye mashine yake mtaani, aliyekuwa akiwakatia wenzake bati kwa malipo. Ikiwa amefunga kazi kwa sababu kituo kinatoza bei ya ruzuku, hasara yake nayo ihesabiwe.

Halafu itazamwe hesabu ya kisu. Kisu cha mashine huwa butu. Je, ada zinazokusanywa zinatosha kununua kingine siku ruzuku itakapokoma?