Mtawa aliyekwangua maneno yake mwenyewe

Watu wakisikia nashughulika na historia za Kilatini za zama za kati wanadhani natafsiri tu, yaani kitabu kipo, unafungua, unasoma, basi. Hapana jamani. Miaka yote hii kazi yenyewe imekuwa kutafuta kitabu kilisemaje hasa, maana kabla ya mashine ya kuchapa kila nakala ni mkono wa mtu, na huyo mtu anachoka, anaruka mstari, anaongeza lake, na wengine wanabadilisha makusudi kabisa.

Chukueni William wa Malmesbury, ndo ninayempenda kuliko wote. Alikuwa mtawa kule Uingereza, Mbenediktini, kanuni ileile wanayoifuata wale wa Peramiho na Ndanda. Mnamo 1125 hivi alimaliza vitabu viwili vizito, kimoja cha wafalme wa Waingereza na kingine cha maaskofu wao, Gesta Pontificum. Na bahati kubwa ni kwamba hicho cha maaskofu tunacho alichoandika kwa mkono wake mwenyewe, kinatunzwa Magdalen College, Oxford, namba 172, kitabu kidogo tu, mwandiko umebanana, na humo ndani kuna sehemu ngozi (waliandikia ngozi ya mnyama, si karatasi) imekwanguliwa kwa kisu. Nini kilikwanguliwa? Maneno makali! William alikuwa amewasema vibaya maaskofu kadhaa, na wafalme pia, halafu baadaye akarudi kulainisha.

Wino wa enzi zile ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na madini ya chuma, unang'ata ngozi, kwa hiyo hata ukikwangua mara nyingi kinabaki kivuli, na ukimulika kwa taa kama ile ya kukagulia noti bandia unaweza kuona herufi zikijitokeza. Lakini kwa William hata bila taa tungejua, kwa sababu watu walikuwa wanaendelea kunakili kitabu chake huku yeye bado anakirekebisha, sasa nakala zilizotoka mapema zina ukali wote na zilizotoka baadaye zimepoa. Hamilton aliyekichapa 1870 alishaliona hilo, na Winterbottom na Thomson wakalifanyia kazi ya maana sana kwenye toleo lao la 2007.

Mnauliza, tunajuaje nakala ipi imetoka kwa ipi? Kwa makosa. Nakala mbili zikiwa sahihi pamoja haikwambii kitu, lakini zikikosea kosa lilelile mahali palepale, hapo una ushahidi kwamba zina mzazi mmoja. Kosa ninalokutana nalo sana ni la jicho kuruka: neno limetokea mara mbili kwenye ukurasa, mnakili anaandika la kwanza, akirudisha macho anatua kwenye la pili, na kila kilichokuwa katikati kimepotea. Lakini hilo lazima uwe nalo makini, maana watu wawili wasiojuana wanaweza kuruka palepale. Halafu kuna vifupisho, herufi p ikikatwa mstari kwenye mguu inasomwa "per", mstari ukiwa juu inasomwa "prae", mnakili akichanganya hapo maana yote inageuka.

Ndo maana huwa nabishana na wanaotaka tuchape maandishi "bora" mamoja tu na mengine tuyasukumie chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Bora yapi? William wa 1125 mwenye hasira ni William, na yule aliyeshika kisu baadaye ni William vilevile. Msomaji apewe wote wawili, aone mtu akifikiria upya.

Kwa vijana mnaotaka kuingia huku: anzeni na Kilatini, hakuna njia ya mkato, kisha kusoma mwandiko wa zamani. Someni Orderic Vitalis, yule mtawa mwandishi wa historia wa Normandy, Ufaransa ya leo, ambaye mwisho wa kitabu chake cha nne anasema baridi imemkakamaza, anaacha kuandika mpaka hali ya hewa tulivu ya majira ya machipuo, baada ya baridi, irudi. Maandishi ya mkono wake yako Paris, sehemu kubwa.