Je, wajua sufuria ya maji ya moto ilimwambia nini Speke, mpelelezi Mwingereza, kuhusu ziwa letu la Victoria?

Wiki iliyopita tulienda Kageye, kijiji kidogo cha wavuvi kwenye Ghuba ya Speke upande wa Magu, dagaa wameanikwa mchangani mpaka unatafuta pa kukanyaga. Wageni wanaenda pale kwa ajili ya historia. Mpelelezi mwingine, Stanley, alifika Februari 1875 na boti yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, na mwenzake Frederick Barker alifia hapohapo Stanley akiwa bado majini. Hayo ukifika utasimuliwa. Mimi nilirudi na swali la jina la ghuba, huyu Speke alijuaje kwamba ziwa letu ndo chanzo cha Nile?

Tangu shule ya msingi niliamini Speke alipanda chombo, akalizunguka ziwa, akafika Jinja, Uganda, akaona maji yanatoka, basi akarudi kwao akatangaza. Nimeuliza watu kadhaa hapa Mwanza na karibu wote wamenijibu hivyohivyo. Si kweli. Mwaka 1858 Speke hakulizunguka hata kidogo. Alimwacha mwenzake Burton mgonjwa Tabora, enzi hizo Kazeh, akaja huku na wapagazi pamoja na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akasimama kwenye kilima karibu na ilipo Mwanza ya leo. Akakaa siku chache tu akageuza, tarehe 25 mwezi huohuo alishafika Tabora. Alichokiona ni kona ya kusini, yaani visiwa na maji.

Aliyelizunguka ni Stanley, Machi hadi Mei 1875, na alianzia na kumalizia palepale Kageye. Jinja Speke alifika kweli, ila ni 28 Julai 1862, safari nyingine kabisa, na alipita nchi kavu upande wa magharibi wa ziwa. Na hili la "kuvumbua" tuliache, maana wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, akiwemo Snay bin Amir, ndo waliowaeleza Speke na Burton kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Ziwa Tanganyika, na waliokuwa wanavua humo kila siku hawakuhitaji kuonyeshwa na mtu. Speke mwenyewe ameandika kwamba alimuuliza mwenyeji mmoja ziwa linaishia wapi kaskazini, yule bwana akageukia huko, akawa anatikisa kichwa na kurusha mkono wa kulia mbele huku vidole vinalia ta! ta!, akasema hakuna ajuaye, labda linafika mwisho wa dunia.

Sasa mtu aliyeona kona tu, akaambiwa mwisho haujulikani, alipata wapi ujasiri wa kusema hiki ndo chanzo cha Nile? Ukubwa wa ziwa ulichangia, lakini sehemu kubwa ya jibu ni maji ya moto. Alichemsha maji akatumbukiza kipimajoto.

Pale Kageye kuna mama alikuwa anachemsha maji ya ugali, sufuria ina mfuniko mwepesi wa bati, unarukaruka na kumwaga povu kwenye mkaa. Akaokota jiwe akaliweka juu, mfuniko ukatulia. Moto ni uleule, ila mvuke sasa inabidi usukume zaidi ndo utoke. Basi hewa ni jiwe hilo, na limewekwa juu ya kila sufuria duniani hata isiyo na mfuniko. Maji yanachemka pale tu mvuke wake unapopata nguvu ya kusukumana sawa na hewa iliyo juu yake.

Ila jiwe halina uzito mmoja kila mahali. Chukulia magunia ya pamba ghalani, yamepangwa mpaka darini. Gunia la chini limebeba yote, la katikati limebeba nusu, la juu halina mzigo. Dar ni gunia la chini, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 100. Sisi tumepanda, hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, mvuke unatoka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda zinapunguza nyuzi 1, na ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiigeuza hesabu, kipimajoto kwenye sufuria kinakuambia umepanda kiasi gani.

Speke akapata futi 3,740, sawa na mita 1,140. Amekosea mita chache tu! Na maji hayapandi mlima, kwa hiyo swali la Nile lilikuwa swali la kimo. Tanganyika alilipima futi 1,844, akaliona liko chini mno kuulisha ule mto, wakati Nyanza, yaani ziwa letu, lilikuwa juu vya kutosha kuteremsha maji kaskazini.

Hapa lazima niseme ukweli wote, kimo kinaonyesha maji yanaweza kwenda huko, hakithibitishi kwamba yanaenda. Ndo maana Burton hakukubali, na Speke alikufa Septemba 1864 siku moja kabla ya mdahalo wao. Halafu Tanganyika alilikosea kwa zaidi ya mita 200, maana liko kama mita 773, na kosa la namna hiyo kwenye kipimajoto ni dogo kuliko nyuzi 1. Hata yale maneno kwamba maharage ya huku yanachelewa kuiva kuliko ya Dar yana msingi, ingawa maharage yaliyokaa sana stoo yanaweza kuchelewa kuliko hizo nyuzi 4.

Jana nikaazima kipimajoto cha jikoni kwa jirani, nikabandika sufuria. Maji yakaanza kutokota, mstari ukapanda taratibu ukasimama kwenye 96. Nikaongeza mkaa, nikapepea mpaka maji yakawa yanaruka nje. Mstari haukusogea.