Hela za serikali kwa timu ya mtaani: kabla ya barua, timu ni ya nani?

Kila ikifika mwezi wa tano simu yangu haitulii. "Afisa shikamoo, tumesikia kuna hela za michezo zimetoka, sisi tunazipataje?" Anayepiga ni katibu wa timu, au mwenyekiti, au kepteni mwenyewe kaambiwa jana tu kijiweni kwamba kuna mfuko. Nimefanya kazi ya michezo kwenye halmashauri huku Kusini muda mrefu, nimezunguka kata za Mtwara na Lindi kwa pikipiki mpaka njia za mchanga nazijua kwa usiku, na hilo swali nalipenda maana anayeuliza ni mtu anayeumia na timu yake. Shida ni kwamba jibu lake haliishi kwenye simu, ndo maana leo nimekaa naliandika lote, mtumiane kwenye magrupu.

Nianze na hili: hakuna kapu moja limeandikwa "ruzuku ya klabu za mtaani" ukifika unachota. Kuna njia tatu nne, kila moja ina mwenyewe na ina masharti yake, ila zote kabla hazijakufungukia zinauliza kitu kimoja na timu nyingi zinakwama hapo hapo. Timu ni ya nani?

Nitoe mfano. Nilikwenda kata moja huko Newala juu, timu kali kweli, Jumapili uwanja unajaa, wamama wanauza korosho na karanga pembeni, watoto wamepanda juu ya mikorosho kuangalia. Mechi ikaisha nikakaa na viongozi chini ya mti nikawaambia nataka kuwasaidia kuandika ombi, nionyesheni jezi, mipira, na daftari la wanachama. Wakaangaliana. Jezi ziko kwa mfadhili, zinafuliwa na mke wake na zinawekwa kwenye begi chumbani kwao. Mipira miwili nayo iko huko. Mfadhili mwenyewe kasafiri Dar. Daftari hakuna. Nikauliza sasa akiamua kesho kuacha mpira? Kepteni akajibu kwa sauti ndogo, "basi, na sisi tumeisha."

Sisemi vibaya kuhusu wafadhili, tena nawaheshimu sana, bila mwenye duka na mwenye Fuso mpira wa vijijini huku ungekuwa umekufa zamani. Ila weka akili kwenye hili: hela ya umma haiwezi kuingia kwenye kitu cha mtu binafsi. Mkaguzi akija atauliza ile milioni mbili alipewa nani, na jibu la "timu ya mzee fulani" halipiti. Kwa hiyo kabla hujafikiria barua, hamisheni timu kutoka chumbani kwa mtu iwe ya wanachama. Mfadhili abaki kuwa mlezi, hata katiba inaweza kumtaja kama mlezi, na apewe heshima yake yote.

Namna ya kuhamisha ndo usajili. Tuna Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Namba 12 ya mwaka 1967, ikarekebishwa 1971, halafu kuna kanuni za usajili za 1999. Klabu inasajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo aliye pale BMT, lakini wewe mtu wa Nanyumbu au Liwale huhitaji kupanda basi usiku kucha, unaanzia kwa afisa michezo wa wilaya yako. Unapeleka katiba, muhtasari wa kikao mlichokubaliana kuanzisha klabu, majina ya wanachama waanzilishi na saini zao, majina ya viongozi, yeye anapitia na kukupa barua ya kukutambulisha.

Kwenye katiba nakaa kidogo maana ndo kwenye madudu. Nimepokea katiba ya timu ya Masasi ukurasa wa tatu inataja jina la timu ya mkoa mwingine kabisa, yaani wamechukua ya watu wakabadilisha jalada. Jamani msifanye hivyo. Andikeni wenyewe hata kama ni kurasa sita, kwa Kiswahili mnachoongea. Vifungu ambavyo mimi nikishika katiba naviangalia kwanza ni vile vinavyosema mwanachama anapatikanaje, mkutano mkuu unakaa lini, nani anasaini hela, na klabu ikivunjika mali zake zinakwenda wapi. Hicho cha mwisho watu wanakiruka na ndicho kinachompa amani mtoa hela, kwa sababu kinamhakikishia kwamba hata mkigombana magoli ya chuma hayataishia kuwa geti la nyumba ya mtu.

Na ukishasajiliwa usilale, kuna ada ya kila mwaka. Klabu nyingi zilisajiliwa mwaka zilipotaka kucheza ligi ya mkoa, cheti kikatiwa fremu kikatundikwa, ada haijalipwa tena, viongozi walioandikwa kule wawili wamehama na mmoja ni marehemu. Kwenye karatasi klabu ipo, ukiifuatilia haipo. Mkibadilisha viongozi pelekeni taarifa, haichukui hata siku nzima.

Halafu akaunti. Hela ya serikali inalipwa kwenye akaunti ya benki yenye jina la klabu, hailipwi kwenye simu ya mweka hazina hata awe mwaminifu vipi. Na jina liwe lile lile herufi kwa herufi. Kuna timu niliisaidia mwenyewe, ombi likapita, kila mtu kafurahi, malipo yakagoma kwa sababu kwenye cheti wameandikwa Sports Club na benki wameandika FC. Kurekebisha kulichukua wiki nyingi, mwaka wa fedha ukaisha tarehe 30 Juni na hela ikarudi ilikotoka. Ile ilinikaa sana moyoni, vijana wa watu walishaanza kupima eneo la milingoti. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza nachukua cheti na karatasi ya benki naviweka pamoja mezani nasoma kwa kidole.

Sasa njia zenyewe.

Iliyo karibu zaidi ni bajeti ya halmashauri, mapato ya ndani, kupitia kitengo cha michezo. Ni ndogo, tuseme ukweli, inagombaniwa na zahanati na madawati. Lakini ipo, na siri yake ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo yanaanza kukusanywa kijijini na kwenye kata miezi ya mwisho ya mwaka uliopita, mwezi wa kwanza na wa pili baraza la madiwani linapitisha. Ukija na barua mwezi wa tano ndo pale simu yangu inapoita, umekuta chakula kimeshagawanywa. Na huku kwetu kuna mtihani wa ziada, miezi hiyo ya kuibua mipango ndo msimu wa korosho, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili kila mtu yuko shamba au yuko AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri bei ya mnada, mkutano wa kijiji unakosa watu. Ndo muda huo huo hela ipo mtaani, mashindano ya kugombea mbuzi na ng'ombe kila kona, timu ziko bize kucheza na hakuna anayekumbuka kwenda kwenye kikao. Chagueni hata watu wawili wasiocheza, kazi yao iwe kukaa kwenye vikao mpaka wazo la uwanja liandikwe kwenye muhtasari wa kijiji, lipande kata, lifike halmashauri.

Njia nyingine ni mfuko wa jimbo, ule uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, kamati yake mwenyekiti ni mbunge. Watu wanauona kama mfuko wa zawadi za mheshimiwa lakini ni hela ya umma ya kuchochea miradi ambayo wananchi wenyewe wameianza. Neno hapo ni wameianza. Mkiomba jezi mnashindana na kila timu ya jimbo, mkiomba kumalizia uwanja ambao nyie mmeshafyeka, mmeshang'oa visiki na mna picha, mnakuwa na kitu cha kuchochea. Binafsi nawashauri hivyo siku zote. Jezi inachanika msimu mmoja, uwanja atauchezea na mtoto ambaye hajazaliwa.

Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo inatajwa sana kwenye simu ninazopigiwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ule ni mkopo. Hauna riba, ila ni mkopo na unarudishwa. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, na unatolewa kwa kikundi chenye shughuli ya kuingiza kipato, kinachosajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii. Timu ya mpira kama timu haikopi hapo kununua viatu. Ila wachezaji wakijiunga kikundi wakafanya kazi, hilo linawezekana na nimeliona: wamama wa netiboli, kikundi chao kinabangua korosho na kufungasha, sehemu ya faida wamekubaliana kwenye katiba yao inakwenda kwenye timu. Wananunua mipira yao wenyewe na nauli ya mashindano hawamwombi mtu. Nilivyofika kwao mweka hazina alikuwa na vidole vyeusi vya mafuta ya korosho, akanawa, akafungua daftari la jedwali lenye jalada la kaki, kila shilingi mia tano ya mchango ina jina na tarehe. Nilipitia kurasa kumi na mbili sikukuta hata mstari mmoja uliofutwa.

Kuhusu Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ule unaopata sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha tangu mabadiliko ya 2021, huo uko ngazi ya taifa na tumeusikia zaidi kwenye timu za taifa. Mimi sijawahi kuona klabu ya kata ya huku ikipokea hela mkononi kutoka kule. Klabu yenu itaufikia kupitia chama cha mchezo wenu, kwa hiyo muwe wanachama hai wa chama cha wilaya na cha mkoa, MTWAREFA au LIREFA kwa mpira wa miguu, na netiboli, riadha, ngumi kila mmoja ana chama chake. Ile Goli la Mama mnayoiona Simba na Yanga wakicheza Afrika ni motisha ya Rais kwa timu zinazotuwakilisha nje, haiombwi kwa barua.

Barua yenyewe sasa, nitaongea kidogo tu maana ukishakamilisha yale ya juu barua ni ukurasa mmoja na nusu. Usiandike "tunaomba shilingi milioni kumi kwa ajili ya maendeleo ya timu". Andika unataka nini, vingapi, bei ya duka gani, na nyie mnachangia nini. Mabomba ya magoli mawili, nyavu jozi moja, fundi wa kuchomelea, mifuko minne ya saruji, mchanga na kokoto na nguvu kazi ni yetu. Ukiandika hivyo afisa mipango anaweza kukutetea kwenye kikao, ukiandika maendeleo anakosa pa kushika. Na taja wasichana wenu wanacheza nini, kama hawachezi anzeni, sio kwa ajili ya barua, ni kwa sababu uwanja wa kijiji ni wao pia.

Mkipata, tunzeni risiti za mashine, zile za EFD, zitoeni kopi kwa sababu maandishi yake yanafutika kwa joto la huku. Pigeni picha kabla na baada. Andikeni taarifa ya matumizi ndani ya mwezi hata kama hamjaulizwa. Timu iliyoleta taarifa ya matumizi ya laki tatu vizuri mimi naipigania mwakani kwa nguvu zote, iliyopokea laki tatu ikanyamaza sina neno la kuisemea kwenye kikao.

Watu huwa wananiambia afisa haya mambo ni ya timu kubwa. Namungo ni ya Ruangwa, wilaya ya mashamba kama yetu, imepanda Ligi Kuu 2019 na msimu wa 2020/21 ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ndanda ya Mtwara walicheza Ligi Kuu kuanzia 2014 mpaka 2020, uwanja wao wa Nangwanda Sijaona ulikuwa unatetemeka, na kushuka kwao kulituuma sote wana Kuchele, yaani mashabiki wa Ndanda. Vipaji vya kupanda tunavyo, kubaki kunataka mpira uwe na makaratasi.

Nimalizie na kijiji kimoja cha Tandahimba. Walikuwa wanachezea kwenye shamba la mzee mmoja lililozeeka, miaka mingi, kwa hisani yake. Wakaomba greda la kuchonga uwanja, wakanyimwa, na kwa haki, maana serikali haichongi shamba la mtu. Hawakukasirika. Walikwenda kwa mzee na kanzu zao, wakakaa naye jioni mbili, akakubali kukitoa kipande kile kiwe cha kijiji, nao wakamlimia kingine upande wa bondeni. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, mtendaji akaandika muhtasari, watu wakasaini kurasa nne, mhuri ukagongwa. Muhtasari ule ulikwenda pamoja na ombi mwezi wa kumi na moja, na Agosti iliyofuata greda likaingia. Kisiki kimoja cha mkorosho kwenye kona ya kibendera kilishindikana, mizizi imekwenda chini sana, na mara ya mwisho nimepita vijana walikuwa wanakichimba kwa zamu kila baada ya mazoezi, mzee mwenyewe kakaa pembeni kwenye kiti anawaelekeza mzizi mkubwa umepita wapi.